Kuchangia wakulima Wamaya baada ya kimbunga: mwongozo kamili wa mchango unaofika mpaka shambani

Huu mwongozo ni wa sisi tuliotawanyika Marekani na Kanada, wale ambao kazini unabeba maboksi au unalea wazee bega kwa bega na jamaa wa Guatemala, halafu siku moja Novemba unamkuta mwenzako macho mekundu, hajalala, simu mkononi, kwao kumepita kimbunga. Unataka kusaidia. Na kuchangishana sisi tunakujua bwana, harusi mchango, msiba mchango, karo mchango, mtu hafundishwi hilo ukubwani. Shida ni kwamba mchango wetu umezoea msiba, yaani hela inatoka kwa kishindo ndani ya wiki moja na inaishia pale watu wanapotoka makaburini, wakati mkulima aliyepigwa na kimbunga mwezi wa 11 njaa yake kali inakuja mwezi wa 3 huko, watu wameshasahau hata jina la kimbunga chenyewe. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inafuata kalenda ya shamba. Habari za TV ziwe za kukushtua tu, zisikupangie mchango.

Mfano nitakaoshika ni Alta Verapaz, mkoa wa Guatemala wenye Wamaya wengi (wenyeji wa asili wa nchi ile), baada ya vimbunga Eta na Iota mwaka 2020. Ukiuelewa huo, kwingine utajipanga mwenyewe.

Kwanza elewa kilichopotea ni nini

Eta iliingia nchi kavu Nicaragua tarehe 3 Novemba 2020 ikiwa kategoria ya 4, na tarehe 16 mwezi huohuo Iota ikapiga karibu palepale, haikufika hata kilomita 30 kutoka pale pa kwanza. Guatemala haikupata ule upepo wa kung'oa nyumba, ilipata mvua. Mvua juu ya milima. Tarehe 5 Novemba mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Quejá, wilaya ya San Cristóbal Verapaz, kijiji cha Wamaya wa Poqomchi', ukafukia nyumba na watu, makumi ya watu, na wengi hawakufukuliwa mpaka leo kwa sababu utafutaji ulisimamishwa, udongo ulikuwa bado unatembea. Campur, mji mdogo wa Waq'eqchi', Wamaya wengine, upande wa San Pedro Carchá, wenyewe uligeuka ziwa, manake ile ardhi ni ya mawe ya chokaa, maji yanashuka kwenye mashimo ya chini kwa chini na mashimo yakizidiwa maji hayana pa kwenda, basi yakakaa wiki baada ya wiki.

Sasa shamba. Waq'eqchi' wako zaidi ya milioni moja, wengi wao wakulima wadogo wa mahindi na maharage, na cha kuleta hela ni kahawa na iliki. Ndiyo, iliki hii hii ya pilau na chai, Guatemala ndiyo inayoongoza duniani kuiuza nje, na nyingi inaishia Ghuba kwenye kahawa ya Waarabu. Mahindi ya msimu mkubwa hupandwa Aprili na Mei, na kuna msimu mdogo wa pili unaoanza Novemba hivi. Angalia sasa kimbunga kilipotua: mahindi yaliyovunwa yako ndani ya nyumba, yameloa yameota ukungu au yamekwenda na maji, msimu mdogo wa kupanda umekufa kwa sababu shamba ni tope, na iliki iliyong'oka ukiipanda upya unangoja kama miaka mitatu ndo ianze kuzaa. Kwa hiyo toka Novemba mpaka mavuno ya mwaka unaofuata, Agosti au Septemba, ni miezi tisa kumi bila mahindi ya nyumbani. Hiyo ndo hesabu mnayochangia.

Ukiwa unasoma hii wakati kimbunga kipya kimepita (msimu wao rasmi ni Juni 1 hadi Novemba 30) swali la kwanza kumuuliza mwenzako wa kazini baada ya pole ni hili: kwenu mahindi yalikuwa shambani au yalikuwa stoo? Jibu lake litakupa nusu ya bajeti.

Hatua ya 1: tafuta mlango wa kijiji

Usianze na akaunti ya kuchangisha. Anza na nani atapokea. Watu wengi wanageuza hapa, wanachangisha elfu kadhaa za dola halafu ndo wanauliza tumpe nani, na hapo kila mtu ana binamu yake.

Guatemala kila kijiji kina kamati ya maendeleo inaitwa COCODE, iko kwa sheria ya mwaka 2002, wajumbe wanachaguliwa na mkutano wa kijiji. Ichukulie kama serikali ya kijiji kwa Tanzania. Pembeni kuna makatekista wa Kikatoliki, wachungaji wa makanisa ya Kiinjili, wakunga, vikundi vya kina mama. Usishike mmoja. Pata angalau milango miwili isiyotegemeana, mfano COCODE na kikundi cha kina mama, na mwenzako wa kazini awe wa tatu ila asiwe yeye peke yake, siyo kwamba ni mwizi, ni kwamba unamtwika mzigo utakaomgombanisha na kijiji chake mwenyewe.

Lugha pia. Kihispania si lugha ya mama pale. Kina mama wengi hasa wa umri mkubwa wanaongea Kiq'eqchi' tu, sasa ukifanya simu yote kwa Kihispania umeongea na wanaume waliowahi kwenda mjini basi. Omba mkalimani, mlipe, weka kwenye bajeti.

Na usishangae wakikuuliza maswali mengi kuhusu wewe ni nani. Mwaka 2005 baada ya kimbunga Stan, maporomoko yaliua mamia ya watu Panabaj, Santiago Atitlán, Wamaya wa Tz'utujil, na wanakijiji wakakataa jeshi lisiingie hata kusaidia kufukua, kwa sababu Desemba 1990 jeshi lilikuwa limewaua watu 13 palepale mjini kwao. Watu wamefiwa, tope kiunoni, na bado wanasema hapana, nyie hapana. Kwa hiyo mtu anayekuja na hela anapimwa kwanza. Wacha wakupime, jibu taratibu.

Hatua ya 2: orodha ya kaya, wanaiandika wao

Mwongozo mwingi utakwambia fanya tathmini. Nyie mko Minnesota au Texas huko, tathmini gani? Orodha inaandikwa kijijini na inasomwa kwa sauti mbele ya mkutano, kwa Kiq'eqchi', kila jina, na mtu ana haki ya kusimama akasema fulani mmemsahau au huyu ana duka kule mji wa Cobán toeni. Kusomwa kwa sauti kunazuia udanganyifu kuliko fomu kumi. Mkishapata orodha iliyosomwa ombeni picha ya kurasa zenyewe na sahihi au dole gumba, zibaki kwa mweka hazina, zisiingie kwenye grupu, zina namba za vitambulisho vya watu.

Hesabu kwa mafiga, yaani jiko. Nyumba moja inaweza kuwa na wazee, mtoto wa kiume na mkewe na wajukuu, mapishi mawili tofauti, ukihesabu paa umewapunja.

Kisha uliza majina yasiyopenda kutokea kwenye orodha: wajane, mabinti waliobaki na watoto wakati waume wako huku Marekani, waliokodi shamba, na wale wanaoishi ndani ya mashamba makubwa ya matajiri kama vibarua wa kudumu. Hao wa mwisho hawana hati, hawana shamba kwa jina lao, na misaada mingi inaanza na kuuliza hati ya ardhi. Nyie msiulize hati. Ulizeni nani alipanda.

Hatua ya 3: bajeti ya kaya moja, halafu zidisha

Hapa nitakaa kidogo maana ndo roho ya mambo.

Vipimo vyao: mahindi yanapimwa kwa quintal, ratili 100, kama kilo 46. Shamba linapimwa kwa manzana, ekari moja na robo tatu hivi. Pesa ni quetzal, na kwa miaka mingi dola moja imekuwa inacheza kwenye quetzal saba nukta saba.

Mtu anayekula mahindi asubuhi mchana jioni anamaliza kama nusu kilo kwa siku. Kaya ya watu sita ni kilo tatu, mwezi ni kilo 90, quintal mbili. Miezi kumi ni quintal 20 kwa kaya moja, zidisha kwa kaya 40 uone, hamuwezi, na msijidanganye kwenye posti kwamba mtalisha kijiji. Mbegu ya kupanda manzana moja ni kama ratili 25 tu. Ratili 25 dhidi ya quintal 20! Shamba likikubali hiyo robo ya gunia inalisha nyumba sehemu kubwa ya mwaka. Ndo maana mimi nagawa hivi: theluthi moja ya mchango iende sasa hivi kwenye chakula, chumvi, maharage, sabuni, mabati, na theluthi mbili zifungiwe mpaka Machi, mbegu na vifaa vinunuliwe kabla ya Aprili. Kuna watakaolalamika, watasema watu wana njaa leo nyie mnakalia hela. Waelezeeni hiyo hesabu. Serikali na mashirika makubwa na makanisa wanaleta chakula wiki za mwanzo, Machi hayupo mtu.

Vya kuweka kwenye sehemu ya shamba:

- Mbegu ya mahindi ya kienyeji, ya rangi na ya urefu wanaoutaka wao, inunuliwe kwa vijiji jirani ambako mvua haikuharibu. Msitume mbegu ya dukani ya kisasa kwa sababu tu inauzwa kwenye pakiti nzuri. Mahindi ya kienyeji mkulima anatunza punje mwaka kesho anapanda tena, hibridi ukirudia inapungua, mmemfungulia duka la kununua kila mwaka. Na yale ya kienyeji yamezoea mteremko wao na ukungu wao.
- Maharage ya mbegu.
- Mapanga, majembe, tupa ya kunolea. Kupandia wenyewe wanatumia kijiti chenye ncha, unachoma shimo unatupia punje nne tano, hicho hakinunuliwi.
- Silo ya bati au pipa lenye mfuniko unaobana, moja kwa kaya kama hela inatosha, kwa sababu yale mahindi yaliyolowa 2020 mengi yalikuwa yamepangwa ndani ya nyumba ya mbao.
- Miche ya iliki na kahawa, hii iache mwisho, ni ya mchango wa pili. Ila ulizeni kama mtu ameshakopa kwa dalali wa iliki, kule wanamwita coyote, kwa sababu ukimpa miche mwenye deni, mavuno yana mwenyewe tayari.
- Siku ya kupanda yenyewe.

Hiyo ya mwisho wachangiaji wengi hawaielewi. Kule kupanda ni ujima, kama msaragambo, leo kwangu kesho kwako, na mwenye shamba analisha waliokuja. Kabla ya kupanda kuna ibada ya kumuomba ruhusa Tzuultaq'a, mwenye milima na mabonde, wanawasha mishumaa na wanachoma pom, utomvu wa mti unaofanana na sandarusi yetu. Kwenye bajeti itakuja imeandikwa: mishumaa, pom, bata mzinga, kakao. Na kwenye kamati lazima atokee mmoja aseme hela ya kanisa hainunui ubani wa mizimu. Mjibuni kwa upole kwamba mkulima asiyelisha wenzake hapati mikono ya kupanda, na mbegu isiyopandwa inaliwa. Kama bado imemkaa kooni basi fedha yake iandikwe kwenye mapanga, daftari linaruhusu.

Hatua ya 4: kamati ya huku na sheria ya huku

Watu watatu wanatosha. Mweka hazina mmoja, mwingine wa kuweka sahihi ya pili, mwingine wa mawasiliano na kijiji. Mwenye mdomo mkubwa kwenye grupu asiwe mweka hazina, hizo ni kazi mbili. Kama kuna dada ambaye ameshawahi kushika chama cha akiba na hakikuvunjika, huyo huyo mpeni daftari.

Akaunti: msitumie akaunti binafsi ya mtu. Njia nyepesi ni kuomba kanisa, msikiti au shirika lenye usajili wa hisani wa 501(c)(3) liwabebe, michango ipitie kwao. Faida yake wachangiaji wa Marekani wanaweza kukata kwenye kodi kama wanaorodhesha makato, na tangu mwaka 2026 hata wasioorodhesha wanaweza kwa hela taslimu mpaka dola 1,000 kwa mtu, na kwa mchango wa dola 250 kwenda juu wanahitaji barua ya uthibitisho kutoka kwa hilo shirika. Ila mjue shirika likipokea, kisheria hela ni yake, lazima bodi yake iwe na kauli ya mwisho na iwe na rekodi za matumizi. Mtu hawezi kutoa kupitia kwao akaandika hii ni ya shangazi yake rafiki yangu halafu akadai punguzo la kodi. Na majimbo mengi yanataka anayechangisha hadharani ajisajili kwanza, mwenye shirika ataijua hiyo, muulizeni.

Mkitumia GoFundMe, ile tovuti ya kuchangisha, kwa Marekani inakata asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango. Ya asilimia haionekani, senti 30 ndo inauma kwenye michango midogo: dola 20 inabaki 19.12, dola 100 inabaki 96.80. Watu watano wa dola ishirini ishirini mmekatwa 4.40, wakimkabidhi mmoja akalipa mia kwa mkupuo mmekatwa 3.20. Kwa hiyo kusanyeni kwa makundi, kila mtaa au kila zamu ya kazi na kiongozi wake, yeye ndo anaingiza. Na lile sanduku la "tipu" la kampuni pale mwisho ni hiari, waambieni watu wakae macho.

Hatua ya 5: ujumbe wenyewe

Mabango ya kupendeza yenye mtoto analia sipendi, na wenye mtoto hawajaulizwa. Picha ya mtu iende tu kama mwenyewe, au mzazi, amekubali akiwa ameelewa itaonekana na nani. Picha ya shamba, daraja, silo inatosha. Ujumbe wa WhatsApp uwe mfupi na uwe na tarehe, kama huu, badilisheni mtakavyo:

"Wapendwa, wakubwa shikamooni. Kuna kaya 38 za wakulima kijijini kwao na mwenzetu wa zamu ya usiku, kimbunga kimechukua mahindi yao ya mwaka mzima. Tunachangia vitu viwili: chakula cha mwezi mmoja SASA, na mbegu za kupanda APRILI. Lengo kwa kaya ni dola 150. Unaweza kubeba kaya nzima, nusu, au ulichonacho. Ahadi zinapokelewa mpaka Ijumaa, kulipa mpaka tarehe 30. Mweka hazina atatoa hesabu kila Jumapili saa 2 usiku. Nguo hatupokei."

Hiyo ya nguo iandikeni kweli, vinginevyo mtaletewa mifuko ya majaketi na gharama ya kusafirisha inazidi bei ya mabati.

Ahadi ziorodheshwe kwa majina kama kawaida yetu, jina, ahadi, amelipa, anadaiwa. Najua kuna wanaosema ni kudhalilishana. Inafanya kazi lakini, na asiyetaka jina lake aandikwe "msamaria". Na msiombe mara moja tu, ombeni mara ya pili Februari mkiwa na bei halisi za mbegu mkononi, mchango huo wa pili ndo unaowatofautisha na watu wa msimu wa habari.

Hatua ya 6: kutuma

Tuma kwa vipande. Theluthi ya chakula kwanza, subiri risiti na picha za mizigo, ndo kipande kingine. Benki kwenda benki ni bora kuliko kutuma taslimu kwa wakala kwa jina la mtu, kuna karatasi, na tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza asilimia 1 kwenye pesa inayotumwa nje kwa taslimu, wakati ukituma toka akaunti ya benki au kadi ya benki ya Marekani hautozwi. Akaunti ya kupokea iwe ya kikundi, watu wawili wasaini, mmoja wao mwanamke. Kama kijiji hakina akaunti, parokia au ushirika wa wakulima unaweza kupokea, lakini na wao waandike barua kabla, kiasi gani, ya nini, mpaka lini.

Kipande cha chakula kinunuliwe Cobán au Carchá au sokoni karibu zaidi ambako barabara imepona, siyo mji mkuu. Ulizeni barabara kila mara kabla ya kulipa lori. Baada ya Eta kuna vijiji vilivyofikiwa kwa miguu na mitumbwi tu, gunia kwenye mgongo kwa kamba ya paji la uso, hapo gharama ya usafiri inapanda kuliko mahindi, afadhali mlipe wabebaji wa kijijini hela ibaki kwao.

Kama waathirika wako upande wa Nicaragua, kwa Wamiskito, wenyeji wa asili wa pwani ile, kaeni chini muulize kwanza. Nchi ile tangu 2020 ina sheria ya "mawakala wa kigeni" na serikali imefuta maelfu ya mashirika, anayepokea hela ya nje anaweza kuingia matatani kwa nia yenu njema. Huko sikilizeni familia zenyewe zinasema njia ipi ni salama, na msiposti jina la mpokeaji popote.

Hatua ya 7: kupanda kwenye ardhi ipi?

Swali gumu. Quejá ilitangazwa hapafai kukaliwa, manusura wakajenga makazi mapya wakayaita Nuevo Quejá, lakini kahawa na iliki zao ziko kulekule kwenye mlima ulioanguka, na watu wanarudi kulima. Hapa kamati ya huku haina kauli. Msiwaambie wahame, msiwaambie wabaki. Mnachoweza ni kuuliza mbegu za kaya hii zitapandwa wapi, na kama shamba limefunikwa mchanga na mawe, mchango wa kaya hiyo ugeuzwe kuwa hela ya kukodi shamba kwa msimu mmoja. Familia mbili tatu za hivyo zitakuwepo daima, tengeni fungu la asilimia kumi kwa ajili yao toka mwanzo msije mkahangaika Aprili.

Hatua ya 8: hesabu

Ripoti ni karatasi moja: iliyoingia, iliyokatwa na kampuni, iliyotumwa, kiwango cha kubadilisha siku hiyo, iliyonunua nini, salio. Piga picha risiti hata zile za mwandiko wa mkono, muuza mbegu wa kijijini hana mashine, karatasi ya daftari yenye jina, ratili, bei na dole gumba ni risiti halali kabisa. Ripoti moja iende kwa wachangiaji, nyingine isomwe kijijini kwenye mkutano uleule ulioandika orodha, kwa lugha yao, ikiwa na kiasi mlichokusanya chote, siyo kile tu mlichotuma. Wakijua ninyi mlikatwa ngapi na wao walipewa ngapi hakuna wa kuja kunong'ona baadaye.

Salio likibaki, hata quetzal mia, kijiji ndo kinaamua. Halafu grupu msilifunge, badilisheni jina tu liitwe "Mavuno Septemba", mzime kelele, na kila mwezi mtu wa mawasiliano aandike mistari miwili: mahindi yameota, yamefika magotini, nguruwe pori wameingia, yamevunwa.